Ikunjue Karatasi Mbele za Bwana

Ujumbe wa Jumapili, ibada ya pili
Masomo: 2 Wafalme 19:8–19 na 2 Wafalme 20:1–7

 

Leo nina neno kwa watu wa kliniki. Unajijua. Wewe uliye na kadi ndani ya mkoba, imekunjwa mpaka pembe zimechakaa, na tarehe yako ikifika unaamka saa kumi usiku ili uwahi foleni. Kuna wa sukari hapa ndani, kuna wa presha, kuna wa figo. Kuna anayemeza ARV na wiki hii anangoja majibu ya wingi wa virusi. Kuna mama mwenye mtoto wa selimundu. Ugonjwa wako haukuja juzi. Umejipanga nao, umeuzoea, na watu wameacha kukuuliza unaendeleaje kwa sababu kila Jumapili wanakuona umevaa vizuri na unaimba. Halafu siku moja unapewa majibu ya damu, na namba moja haiko pale ilipokuwa mara ya mwisho.

Huyo ndiye mtu wa leo. Ameugua kwa miaka, ameomba kwa miaka, ametii daktari kwa miaka, na sasa karatasi inamwambia mambo yameharibika zaidi. Afanye nini na hiyo karatasi?

Fungua nami 2 Wafalme 19.

Mfalme aliyeletewa barua

Hezekia ni mfalme wa Yuda, mtu aliyemcha Mungu na kuvunja sanamu. Karibu mwaka 701 kabla ya Kristo, Senakeribu mfalme wa Ashuru akaja na jeshi lake. Huyu hakuwa mtu wa vitisho vya bure. Wachimbuaji wa mambo ya kale walipata maandishi yake mwenyewe kwenye udongo uliochomwa, akijisifu kwamba aliteka miji 46 ya Yuda yenye ngome. Na Biblia haibishani naye hapo. Soma 2 Wafalme 18:13, utaona kwamba miji yenye maboma ilianguka.

Sasa wajumbe wanaleta barua. Ndani yake kuna orodha ya mataifa yaliyoangamizwa, na mwisho wake kuna ujumbe mmoja: Mungu wako hataweza kukuokoa, usidanganyike.

Mpendwa, tazama mambo manne aliyofanya Hezekia katika mstari wa 14 peke yake. Aliipokea barua. Aliisoma. Alipanda nyumbani kwa Bwana. Akaikunjua mbele zake. Manne tu. Chukua kalamu uandike.

La kwanza: aliipokea

Hakusema, "Mwambieni mjumbe sipo." Hakumfukuza. Mkono wa mfalme ulinyooka ukachukua barua mbaya.

Kuna majibu yamelala kwenye maabara huko nje, wenyewe hawajarudi kuyachukua. Damu ilitolewa, pesa ililipwa, halafu mtu akaogopa. Anasema, "Nikijua nitakufa kwa mawazo." Ninakuelewa, lakini nisikilize. Sukari haisubiri wewe ujue ndipo ipande. Figo hazisubiri uchukue karatasi ndipo zichoke. Kutokujua kunakuongezea usingizi wa siku mbili tatu tu, na kunakuondolea siku ambazo ungeanza matibabu.

Figo hasa ni viungo vya kimya. Zinaweza kudhoofika miaka mingi na mwenyewe hahisi chochote. Mtu anakuja kuvimba miguu na kuishiwa pumzi wakati kazi kubwa ya figo imeshapotea. Ndiyo maana tunapimwa tukiwa tunajisikia vizuri. Damu husema kabla mwili haujalia.

Mwambie jirani yako, "Nenda ukachukue majibu yako." Umwambie kwa upole, hujui amebeba nini.

La pili: aliisoma

Kupokea ni jambo moja, kusoma ni lingine. Wengine wetu tunapokea karatasi, tunaona ile herufi H imeandikwa pembeni ya namba, roho inaruka, tunaikunja na kuitia kwenye Biblia. Tunasema tumeiweka chini ya Neno. Hapana, umeificha tu, hata kama umeificha kwa Zaburi.

Wacha niwaambie kuhusu hiyo H. Mashine ikiona kiwango kimepita mpaka wa juu, inaweka H. Basi. H hiyo si ya Hukumu. Ukitaka kuipa jina, iite H ya Hezekia, ikukumbushe cha kufanya.

Na hiyo mipaka ya kawaida, unajua imepatikana vipi? Kwa vipimo vingi, wataalamu hupima watu wengi wenye afya, wanachukua kiwango kinachofunika watu 95 kati ya 100. Kwa hivyo hata mtu mzima kabisa anaweza kutoka nje ya mpaka kidogo. Ndiyo maana daktari mzuri haangalii namba moja pekee. Anauliza ilikuwa ngapi mara ya mwisho, inaelekea wapi, na wewe mwenyewe unajisikiaje.

Kipimo nacho kina lugha yake. Watu wa sukari, mnajua kile cha HbA1c, tunachokiita cha miezi mitatu. Chembe nyekundu za damu huishi karibu siku 120, na muda huo wote sukari inazigandia. Kipimo kinahesabu kiasi kilichogandia. Ndiyo maana huwezi kukidanganya kwa kula mboga siku mbili kabla ya kliniki. Kwa watu wazima wengi, daktari hulenga kiwe chini ya asilimia 7, ingawa kwa mzee au mtu mwenye magonjwa mengine anaweza kukuwekea lengo tofauti. Muulize lengo lako ni lipi. Ni haki yako kujua.

Halafu kuna kreatinini. Hiyo ni taka inayotoka kwenye misuli, na figo ndizo huitoa. Ikijaa kwenye damu, daktari anajiuliza kama figo zinachuja vizuri. Lakini inaweza pia kupanda kwa muda kwa sababu uliharisha ukakaukiwa na maji, au ulimeza dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni. Ndiyo maana kipimo hurudiwa. Hata ugonjwa sugu wa figo hautangazwi kwa karatasi moja. Hali hiyo lazima iwe imeendelea kwa miezi mitatu au zaidi.

Kwa hivyo soma, lakini soma na anayejua kusoma. Usisome na simu saa nane za usiku, umefunikwa blanketi, unatafuta ugonjwa mmoja unapata kumi. Hezekia mwenyewe hakubaki peke yake. Vitisho vya kwanza vilipokuja kwa mdomo, katika mistari ya kwanza ya sura hiyo ya 19, alituma watu kwa Isaya. Mfalme alitafuta mtu wa kumsaidia kuelewa siku yake mbaya.

La tatu: alipanda

Baada ya kusoma, mguu wake ulielekea nyumbani kwa Bwana. Hii ni muhimu, kwa sababu habari mbaya ina kawaida ya kumtoa mtu kanisani. Sijui kama umeona. Mtu akipata kazi anakuja na shukrani. Mtu akipata majibu mabaya anakaa nyumbani, anasema yuko na shughuli. Anaogopa ataulizwa. Anaogopa kuambiwa imani yake ni ndogo, au kuna dhambi hajatubu.

Naomba niseme hili nikiwa mchungaji wenu, lisikike mpaka viti vya nyuma. Namba ya damu haipimi utakatifu. Kuna mtu anakula vizuri, anatembea kila asubuhi, anameza dawa kwa saa, na namba inapanda. Sukari ya ukubwani ni ugonjwa ambao kwa kawaida huendelea kadiri miaka inavyopita. Dawa iliyotosha mwaka wa kwanza inaweza kukosa kutosha mwaka wa kumi. Hilo halimaanishi Mungu amekasirika. Paulo alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, iko 2 Timotheo 4:20. Hakuandika kwamba Trofimo alikosa imani. Aliandika tu kwamba alikuwa mgonjwa.

Kwa hivyo panda. Njoo na karatasi yako. Kama hapa hapawezi kupokea mtu mwenye karatasi mbaya, basi hapa pana viti na spika tu.

La nne: aliikunjua

Hapa ndipo kiini cha ujumbe. Hezekia aliikunjua ile barua mbele za Bwana, yote, akaanza kuomba. Na katika mstari wa 17 alifanya jambo ambalo wengi wetu tumefundishwa tusilifanye. Alikiri kwamba yaliyoandikwa ni kweli. Alimwambia Mungu kwamba kweli wafalme wa Ashuru wameangamiza mataifa na nchi zao. Hakuyakemea. Hakusema, "Mimi sikiri hayo."

Sasa fuata vizuri. Ndani ya barua ya Senakeribu kulikuwa na mambo mawili. Kulikuwa na habari, na kulikuwa na hitimisho. Habari ilikuwa kwamba mataifa yameanguka, nayo ilikuwa kweli. Hitimisho lilikuwa kwamba Mungu hawezi kuokoa, na huo ndio ulikuwa uongo. Hezekia alizitenganisha. Ile habari aliikubali, lile hitimisho akalikataa.

Karatasi yako ya maabara ina habari peke yake. Imeandika kreatinini ni ngapi, sukari ni ngapi, damu ni ngapi. Haikuandika umeisha. Haikuandika watoto wako watalelewa na nani. Haikuandika kwamba Mungu amekusahau. Hayo yameongezwa na sauti nyingine, njiani, ukiwa ndani ya matatu unatazama dirishani. Soma karatasi yako tena, utaona hayo maneno hayapo. Hilo ndilo la kukemea. Namba huna haja ya kuikemea, hiyo ipeleke mbele za Bwana na mbele ya daktari.

Wacha niseme langu. Wengi mnajua nina sukari, huu ni mwaka wa 11. Kliniki iliyopita, HbA1c yangu ilikuwa 9.1, na kreatinini 148, wakati karatasi yenyewe inaonyesha mwisho wa kawaida ni 106. Dawa nilikuwa nameza kama nilivyoagizwa, mama watoto ni shahidi, maana yeye ndiye mwenye kuhesabu vidonge. Daktari ni binti wa umri wa kifungua mimba wangu. Akaniuliza, "Pasta, umekuwa ukimeza dawa za maumivu? Umetumia dawa za miti? Umeharisha?" Nikasema hapana, yote matatu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi tutabadilisha dawa moja, tupime mkojo kama unapitisha protini, na damu tuirudie."

Jioni ile tuliiweka karatasi juu ya meza, mimi na mama, tukaishikilia pembe kama watu wanaokunja shuka. Nikaomba. Sikuanza na lugha kubwa. Nilisema, "Bwana, ni kweli. Tisa nukta moja ni kweli. Mia moja arubaini na nane ni kweli. Ninaogopa mashine ya kusafisha damu. Nimeona watu wakienda kule mara mbili kwa wiki. Na tena nimeweka mikono juu ya watu hapa madhabahuni wakapona, na mimi mwenyewe bado nameza vidonge." Nikanyamaza. Mama akasema amina kwa ajili yangu, kwa sababu mimi sikuweza.

Damu ya marudio ilisoma 144. Imeshuka kidogo, haijatosha kumfurahisha daktari. Ile ya miezi mitatu natolewa Jumanne hii. Sijui itasema nini. Nimeamua kuwaambia kabla ya majibu, makusudi. Ushuhuda wa baada ya majibu mazuri tunaujua, tunaupigia makofi. Lakini kuna mtu hapa ambaye majibu yake hayajaja mazuri mara tatu mfululizo, na hajawahi kusikia ushuhuda wake ukisomwa. Ndugu yangu, dada yangu, wako ni huu.

Na ripoti ya Bwana je?

Najua mtu tayari ameuliza moyoni, "Lakini Pasta, sisi tunaamini ripoti ya Bwana." Amina, tunaamini. Lakini umewahi kuuliza hiyo ripoti inasema nini? Isaya anapouliza juu ya habari na nani ameiamini, ni mwanzo wa sura ya 53. Endelea kusoma. Habari yenyewe ni ya Mtumishi aliyedharauliwa, mtu wa huzuni, aliyezoea maumivu, aliyebeba ya kwetu. Ripoti ya Bwana ni mtu, na mtu huyo ana makovu. Haikuja kushindana na maabara. Imekuja kukaa kando yako unaposomewa majibu ya maabara.

Kwa hivyo anayechana karatasi ya daktari akisema anaamini ripoti ya Bwana, hajasoma ripoti yote.

Tena mkumbuke Walawi sura ya 13. Mtu akionekana na alama kwenye ngozi, kuhani alimtazama. Akiwa hana hakika, alimtenga siku saba, akamtazama tena. Bado hana hakika? Siku saba nyingine, atazame tena. Mungu mwenyewe aliweka katika sheria yake kipimo cha marudio! Hakuona haya kwa kusema, "Ngojeni, tutazame tena." Na Yesu alipomtakasa mwenye ukoma katika Marko 1, alimtuma wapi? Kwa kuhani, akaonekane. Mtu amepona kwa kuguswa na Bwana, na bado anatumwa kupimwa.

Basi ukiombewa ukasikia umepona, haleluya, nenda upimwe. Usiache dawa kwa sababu ulisikia joto mikononi. Kama Mungu ametenda, maabara itakuwa ya kwanza kutoa ushuhuda, na daktari ndiye atakayekupunguzia dawa. Mungu haogopi kipimo.

Tini juu ya jipu

Fungua sura ya 20. Hezekia yule yule anaugua karibu kufa. Isaya anakuja na majibu mabaya kuliko yote: tengeneza mambo ya nyumba yako, hutapona. Hezekia anageuka ukutani, analia sana. Biblia haimlaumu kwa kulia. Kabla Isaya hajavuka ua wa katikati, Mungu anamrudisha na neno jipya: machozi yameonekana, miaka 15 imeongezwa.

Sasa hapa mimi na wewe tungefunga ibada, tungepiga kinanda. Lakini mstari wa 7 uko hapo. Isaya, nabii, mdomoni ana neno la Mungu bado la moto, anaagiza tini ziletwe zibandikwe juu ya jipu. Ahadi ya miaka 15 imeshatoka mbinguni, na bado kuna dawa ya kubandika. Hakuna aliyemwambia Isaya, "Umepungukiwa na upako."

Metformini mnayomeza, watu wa sukari, historia yake inaanzia kwenye mmea unaoitwa galega. Insulini ilichomwa mara ya kwanza kwa mgonjwa wa sukari mwaka 1922, kijana wa miaka 14 huko Toronto. Kabla ya hapo, mtoto akipata sukari ya utotoni wazazi walikuwa wanamtazama akiisha. Hizo ni tini zetu. Meza tini yako ukishukuru.

Kuna mfalme mwingine, Asa, katika 2 Nyakati 16:12. Aliugua miguu, akatafuta waganga na wala hakumtafuta Bwana. Watu hutumia mstari huo kupinga hospitali. Lakini kosa la Asa lilikuwa kumwacha Bwana nje ya ugonjwa wake. Hezekia alikuwa na tini, na alikuwa na Bwana. Wewe pia usichague kimoja.

Na tuone jambo lingine: ile miaka ilikuwa 15, ilikuwa na mwisho. Hezekia alikuja kufa, kama wote walioponywa katika Biblia walivyokuja kufa. Tumaini letu la mwisho halijawahi kuwa kreatinini. Tumaini letu ni ufufuo. Mtu anayejua hilo anaweza kusoma karatasi yoyote bila kuzimia.

Neno kwa kanisa

Nimalize na mambo matatu ya nyumbani.

Moja, mfungo. Mtu akipata majibu mabaya, jambo la kwanza anataka kufunga siku 21. Moyo ni mzuri. Lakini ukiwa unadunga insulini, au unameza dawa za kushusha sukari, zungumza na daktari kwanza. Sukari ikishuka chini ya 4 ni hatari. Mtu anatetemeka, anatokwa jasho, anaongea maneno hayaeleweki, anaweza hata kuanguka. Wahudumu wa madhabahuni, nisikieni: mkimwona mtu hivyo, msikimbilie kumtoa pepo. Ulizeni kama ana sukari. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpeni soda ya kawaida au maji yenye sukari. Kama amepoteza fahamu, msimtie kitu mdomoni. Mpelekeni hospitali mara moja. Mkiwa njiani ombeni. Aliye na ugonjwa anaweza kufunga simu, kufunga televisheni, kufunga maneno ya ovyo. Mungu anapokea.

Mbili, kusindikiza. "Nitakuombea" ni neno zuri, lakini foleni ya maabara ni ndefu na mtu akiwa peke yake hofu inaongea sana. Mtu akikwambia ana kliniki Alhamisi, mwambie, "Tutaenda wote." Akina baba pia, msiachie akina mama kazi hii. Na tujue kwamba kadi ya SHA haimalizi kila gharama. Kuna nauli ya matatu, kuna kipimo unaambiwa ukafanye nje. Mfuko wetu wa huruma uko kwa ajili hiyo. Usione haya, muone shemasi.

Tatu, ulimi. Aliyekuonyesha karatasi yake amekupa kitu kitakatifu. Usiigeuze iwe ombi la kundi zima la simu. Mungu anajua jina lake bila wewe kulitaja.

Na wewe mwenye karatasi, wiki hii fanya kama Hezekia. Ipokee. Isome na anayejua. Panda nayo. Ikunjue yote, usikunje pembe hata moja. Sema ni kweli palipo na kweli, na ile sauti iliyoongezea uongo wake uinyamazishe kwa jina la Yesu. Halafu uende ukanywe dawa ya jioni.

Tuombe

Baba, hapa kuna watu walioshika karatasi. Wengine wameishika mkononi, wengine kichwani, maana wameisoma mara nyingi mpaka wameikariri. Unazijua namba hizo kabla mashine haijazichapa. Tunakuomba uponyaji, tunauomba bila aibu, kwa sababu wewe ni Mungu uponyaye. Tunakuomba pia hekima kwa madaktari na wauguzi, dawa zisikosekane, na nauli ipatikane. Anayengoja majibu wiki hii, mpe usingizi. Anayeogopa kurudi, mpe mtu wa kumshika mkono. Na yule ambaye majibu yake hayatabadilika, Bwana, usimwache hata dakika moja aamini kwamba yuko peke yake. Kwa jina la Yesu, amina.

Ya kuzungumza katika ushirika wa nyumbani wiki hii

1. Katika barua ya Senakeribu, habari ilikuwa ipi na hitimisho lilikuwa lipi? Katika hofu yako ya sasa, kila moja ni ipi?

2. Ni nini hufanya mtu mwenye majibu mabaya aogope kuja kanisani kwetu? Semeni ukweli.

3. Ni nani katika kundi lenu ana kliniki mwezi huu? Pangeni kabla hamjaachana nani atamsindikiza.